Dadu ya Nne

Desemba iliyopita nilipanda Rondo nikiwa na dadu nne za plastiki mfukoni. Nilizipata Lindi mjini kwa kununua ludo za watoto na kuchomoa dadu tu. Mkobani nilikuwa na kurasa kama kumi nilizochapisha kazini: kanuni za msingi za Dungeons & Dragons, zile ambazo wachapishaji wake wanazitoa bure mtandaoni. Nilitaka kucheza na watoto wa nyumbani wakati wa likizo. Nilitaka pia, nikiri, kupata makala. Ila makala niliyokuwa nayo kichwani wakati wa kupanda siyo hii unayoisoma.

Kwa wasioijua Rondo: ukiwa kwenye barabara ya Lindi kwenda Masasi, maeneo ya Mtama na Nyangao, ukitazama kaskazini unaona ukingo wa nyanda ya juu. Huko ndiko kwetu. Chini watu wanatokwa jasho, juu asubuhi kuna ukungu na sweta inahitajika. Ni nchi ya Wamwera, ya korosho na ya misitu ambayo mvule zake zilikatwa sana enzi za mkoloni. Katika vipande vya msitu vilivyobaki kuna komba mmoja mdogo kabisa, ana uzito wa gramu 60 hivi, na wataalamu wa wanyama wamempa jina la Rondo. Mkumbuke huyo komba, atarudi.

Nyumbani kulikuwa na watoto wawili waliomaliza darasa la saba mwaka huo. Mmoja ni mtoto wa kaka yangu, anasoma shule ya kulipia mjini, alikuja kula likizo. Mwingine ni mtoto wa dada yangu, yaani mpwa wangu, amesoma palepale kijijini. Matokeo yalikuwa yameshatoka. Yule wa mjini alikuwa na wastani wa A. Mpwa wangu alikuwa na wastani wa D, na nyumbani hakuna aliyelitamka hilo neno. Walisema tu "hajachaguliwa", kwa sauti ile ya kutaja ugonjwa. Mimi mjomba, ambaye kwa mila za kwetu watoto wa dada ni watoto wangu kabla ya kuwa wa mtu mwingine yeyote, nilikuwa nimeona ule mstari wake kwenye simu: masomo sita, herufi sita.

Sasa huu mchezo nao unaanza kwa mambo sita.

Kwa ambaye hajawahi kuuona: ni mchezo wa kusimulia hadithi mezani, au mkekani kama tulivyofanya sisi. Mmoja ni msimamizi, anaeleza dunia na yanayotokea. Wengine kila mmoja ana mhusika wake na anasema mhusika huyo anafanya nini. Pale ambapo haijulikani kama jambo litafanikiwa, mnarusha dadu. Lakini kabla ya hadithi kuanza, mhusika lazima azaliwe, na anazaliwa akiwa namba sita: Nguvu, Akili, Busara, Siha, Wepesi na Haiba. Hayo majina ya Kiswahili tuliyatafuta wenyewe, na Akili na Busara zilitugombanisha karibu nusu saa. Mama yangu, aliyekuwa anapepeta mchele pembeni, ndiye aliyeamua: akili ni ya kujibu, busara ni ya kunyamaza. Tukaandika hivyo.

Mchezo huu ulitoka mwaka 1974 huko Marekani, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, vijitabu vitatu vyembamba ndani ya boksi, nakala 1,000 za kwanza. Nimesoma vitabu vingi vya nadharia ya fasihi tangu niko chuo, na nakwambia kurasa chache za mwanzo wa kitabu hicho zina swali kubwa kuhusu uumbaji wa wahusika kuliko sura nzima za vitabu hivyo. Kanuni yake ya kwanza ilikuwa hivi: dadu tatu kwa kila sifa, zinajumlishwa, na zinarushwa kwa mpangilio. Ya kwanza inayotoka ni Nguvu, ya pili ni Akili, mpaka ya sita. Huchagui, huhamishi. Tena anayerusha ni msimamizi, siyo wewe. Wewe unaandika tu kilichotoka, halafu ndiyo unakaa unajiuliza: huyu niliyepewa ni nani, na anaweza kuwa nini?

Hebu tufanye hesabu kidogo, haitauma. Dadu tatu zinaweza kuanguka kwa namna 216. Kupata 18, namba ya juu kabisa, kuna namna moja tu. Kupata 3, ya chini kabisa, vilevile moja. Lakini 10 ina namna 27, na 11 ina 27. Maana yake katika kila marusho manne, moja linatoa 10 au 11. Ukichukua kuanzia 9 mpaka 12, umeshameza karibu nusu ya binadamu wote ambao dadu zinaweza kuwazaa. Kwa kanuni ya 1974, dunia imejaa watu wa kawaida. Shujaa naye, mara nyingi, ni mtu wa kawaida aliyeamua kuingia pangoni.

Kanuni hiyo haikudumu. Mwaka 1979, katika kitabu cha waongozaji wa toleo lililofuata, Gygax aliorodhesha njia mbadala, na ya kwanza yake ndiyo iliyokuja kuenea kote: unarusha dadu nne, unaitupa iliyo ndogo, unajumlisha tatu zilizobaki, halafu namba zako sita unazipanga unavyotaka. Hoja ilikuwa kwamba mhusika dhaifu anamkatisha mchezaji tamaa. Ni hoja ya kibinadamu kabisa. Na dadu ya nne inafanya kazi kubwa: wastani unapanda kutoka 10.5 hadi karibu 12.24, na nafasi ya kupata 18 inapanda kutoka moja katika 216 hadi kama moja katika 62. Ile 3 inakuwa moja katika 1,296, yaani karibu isizaliwe kabisa.

Kisha ikaja njia ya tatu, ambayo michezo mingine ilianza nayo na hatimaye huu nao ukaikumbatia: kununua. Katika toleo la 2014 unapewa pointi 27, kila sifa inaanzia 8, na unanunua kwenda juu mpaka 15. Usipotaka kuhangaika, kuna orodha iliyopangwa tayari: 15, 14, 13, 12, 10, 8. Angalia hiyo orodha vizuri. Hakuna 6. Hakuna 5. Kwa njia hii hakuna anayezaliwa dhaifu kweli, na hakuna anayeshangazwa na mtoto wake. Mhusika anatoka vile mchezaji alivyomtaka kabla hajamjua.

Dadu, dadu ya nne, kununua. Nilikuwa nimepanga kuandika makala ya kuchekesha kidogo kuhusu njia hizo tatu na riwaya zetu, basi. Kilichotokea mkekani kikaniharibia mpango.

Nilichagua njia ya 1974. Nilirusha mimi, wao wakaandika. Mpwa wangu alipata Nguvu 6, Akili 10, Busara 13, Siha 11, Wepesi 15, Haiba 7. Akaziangalia. Akauliza, "Mjomba, kumi ya akili ni nyingi au ni kidogo?" Nikamwambia ni ya kawaida, wengi wana kumi. Akasema, "Basi niache nayo," akaandika 10 taratibu, akaipigia mstari chini.

Ikaja zamu ya yule wa mjini. Nguvu 12, na Akili ikatoka 5. Akacheka, akatikisa kichwa. "Hapana, hii haihesabiki." Nami bila kufikiri, kwa sababu ni mtoto mchangamfu na nilitaka afurahie, nikachukua dadu ya nne mfukoni. Nikamwambia kuna kanuni nyingine, unarusha nne unatupa ndogo. Nikarusha. Ikatoka 15.

Mpwa wangu alikuwa bado ameshika penseli. Hakukasirika. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa ngapi: "Kumbe huwa inarudiwa?"

Dada yangu alikuwa mlangoni. Akaingia ndani.

Nimefanya kazi ya uandishi wa habari miaka kumi na ushee, nimehoji mawaziri, sijawahi kuulizwa swali likanikosesha jibu namna ile. Kwa sababu jibu lake ni ndiyo, inarudiwa. Inarudiwa kwa anayeweza kusema "haihesabiki" na akasikilizwa. Tuisheni ya jioni ni dadu ya nne. Mwalimu wa hisabati ambaye hayuko peke yake na madarasa matatu ni dadu ya nne. Taa ya kusomea usiku. Shule ya kulipia inayofanya mitihani ya majaribio kila wiki mpaka ile ndogo itupwe yenyewe. Mtoto wa kaka yangu ana akili, sikatai, nampenda. Lakini wastani wake wa A na wastani wa D wa mpwa wangu havikurushwa kwa kanuni moja, na sisi nyumbani tulivisoma kama vile vimerushwa kwa kanuni moja.

Kinachotudanganya ni kwamba tumekulia kwenye bao. Bao la Kiswahili halina dadu. Kete 64, kila mtu 32: sita kwenye nyumba, mbili na mbili pembeni yake, 22 mkononi, mnaanza namua. Hakuna aliyezaliwa na kete nyingi kuliko mwenzake. Ukifungwa, umefungwa wewe, na wazee waliokaa pembeni watakuambia ni shimo lipi ulikosea. Ni haki iliyonyooka kabisa, ndiyo maana tunaipenda. Mtihani unavaa sura ya bao: karatasi moja, saa moja, nchi nzima. Ndani yake ni dadu, na wengine wanarusha nne.

Sasa hili ni jukwaa la fasihi, utauliza fasihi imeingiaje. Imeingia hivi: nilipokosa jibu la kumpa mpwa wangu, nilitafuta hadithi ya kumpa. Ndivyo tulivyo sisi wasomaji. Nilitaka kitabu cha Kiswahili chenye binti wa miaka 13 aliyepata D, ambaye ni wa kawaida, na bado hadithi ni yake. Nikapekua kumbukumbu yote. Na hapo ndipo nilipoanza kuona jinsi sisi waandishi na wasomaji wa Kiswahili tunavyoumba watu.

Njia yetu ya zamani kabisa ni ya shujaa. Fumo Liyongo, ambaye Muhamadi Kijumwa alimtungia utendi maarufu mwaka 1913, ana Nguvu 18 na ushairi 18, na udhaifu mmoja tu: sindano ya shaba kitovuni, na mwana wake mwenyewe wa kuichoma. Hapo sina ugomvi. Liyongo ni mkubwa kama mlima ulivyo mkubwa. Hakuna anayetumia nguvu zake kuthibitisha kwamba alistahili kuishi.

Njia ya pili ni ya Shaaban Robert, na hii ni kununua kwa pointi, tena bila kuficha risiti. Katika Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952, kaka mwema anaitwa Adili, na ndugu zake wanaitwa Hasidi na Mwivu. Kazi imekwisha ukurasani kwa majina. Ukilisikia tu jina la Hasidi, unajua pointi zake zimeanza kutumika kwenye husuda. Wapo wanaomdharau Shaaban Robert kwa hili, mimi simo. Aliandika hekaya ya maadili na alijua anachofanya: majina yale ni ishara, msomaji anaingia akijua. Tatizo ni sisi tuliomfuata tukaacha majina lakini tukabaki na bei.

Maana angalia tulichofanya baadaye. Tulipoanza kuandika kuhusu maskini, tulimpa Akili 18. Kila mara. Mtoto wa mkulima, kaptula imetoboka, taa ni kibatari, lakini anaongoza darasa, mkoa mzima unashangaa, na mwisho kuna mfadhili au kuna udhamini. Niliwahi kusoma miswada ya shindano dogo la hadithi fupi, nikafika mahali nikawa nabashiri: aya ya kwanza umaskini, aya ya pili "alikuwa na akili nyingi sana darasani". Ukitazama filamu za nyumbani, yumo. Ukifungua vitabu vya ziada vya shule, yumo. Tunadhani tunamtetea maskini. Tunachosema hasa ni kwamba maskini asiye na akili za ajabu hana hadithi. Ile 18 yake ni kiingilio. Bila kiingilio, abaki nje ya kitabu kama alivyobaki nje ya kidato cha kwanza.

Mtu atanijibu kwamba hadithi lazima imhusu mtu wa pekee, vinginevyo nani atasoma? Nimelifikiria hilo. Lakini tunaye Rosa. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, Rosa siyo fumbo la kipaji. Ni binti wa Namagondo, ana baba mlevi, Zakaria, anayempiga kwa sababu ya barua ya kijana, na ana mama, Regina, anayebeba nyumba. Kezilahabi hakumnunulia chochote. Alichukua kilichotoka, kwa mpangilio kilivyotoka, na akamfuata mpaka mwisho mbaya kabisa bila kumwomba msomaji amhurumie kwa sababu ya alama zake. Kitabu kiliwahi kupigwa marufuku shuleni, na watu wakakisoma kwa kujificha. Kwa hiyo wasomaji wapo. Walikuwepo miaka 50 iliyopita kwa binti wa kawaida. Kinachokosekana ni mwandishi anayeweza kuandika 10 na kuipigia mstari.

Sitaki nikuuzie dadu kama vile ni malaika. Namba za mchezo huu nazo zina mkono wa mtu. Katika toleo la 1978, mhusika binadamu wa kike aliwekewa kikomo cha Nguvu cha chini kuliko cha mwanamume. Ilibidi toleo la pili, 1989, liondoe hilo. Kwa miongo mingi kabila la viumbe ulilozaliwa nalo liliongeza au kupunguza namba zako, hawa wana nguvu zaidi, wale wana akili pungufu, na sisi watu wa Afrika hatuhitaji kuelezwa hesabu ya namna hiyo ilitoka kichwa gani. Kanuni za 2024 zimehamisha nyongeza hizo kutoka kwenye ukoo kwenda kwenye historia ya maisha ya mhusika, na hata neno la zamani la Kiingereza lililomaanisha rangi na ukoo wa watu limeachwa. Traveller, mchezo mwingine wa Marekani wa mwaka 1977, ulikuwa mkweli zaidi kwa namna ya kutisha: kati ya sifa sita ulizorushia dadu, mbili zilikuwa Elimu na Hadhi katika Jamii, na mhusika wako aliweza kufa kabla mchezo haujaanza. Nilimsimulia dada yangu hilo, akasema huo mchezo umeandikwa na mtu aliyewahi kukaa kijijini.

Kuna jambo jingine ambalo dadu hazilijui, na sisi watu wa pwani tunalijua. Neno letu "alama" linabeba vitu viwili. Kuna alama ya mtihani, ambayo ni ya juu au ya chini. Na kuna alama kama ishara, chale, nukta mchangani. Mpiga ramli anachoma nukta bila kuhesabu, kisha anazifuta mbilimbili mpaka kila mstari ubaki na moja au mbili. Mistari minne inatengeneza umbo moja, na maumbo yako 16. Mwenye elimu ya nyota anachukua herufi za jina lako na la mama yako kwa thamani zake za Kiarabu, alifu 1, be 2, jimu 3, na kuendelea, anajumlisha, anagawa kwa 12, na kinachobaki ndiyo nyota yako. Marehemu Sheikh Yahya Hussein aliifanya elimu ya nyota ijulikane mpaka kwa wasioijali.

Sikutumi kwa mganga, na wapo wanaoona mambo hayo ni dhambi, nawaheshimu. Nazungumzia umbo la fikra. Hiyo nayo ni kumtengeneza mtu kwa namba zilizotoka bila yeye kuchagua, dadu kabisa. Lakini kinachobaki baada ya kugawa kwa 12 siyo kidogo wala kikubwa. Hakuna nyota ya 18 na nyota ya 3. Mwenye baki ya 2 hamzidi wala hapungui kwa mwenye baki ya 11. Ni watu tofauti, wana njia tofauti, basi. Bibi yangu hakuwahi kusema mtoto ana nyota ndogo kwa sababu ya hesabu. Alisema huyu ni wa maji, huyu ni wa moto, msiwaoneshe njia moja.

Hicho ndicho ninachokitafuta kwenye hadithi: namba isomwe kama ishara ya mtu, isisomwe kama daraja lake. Nguvu 6 na Wepesi 15 siyo "dhaifu" pamoja na "hodari". Ni mtu mmoja ambaye hawezi kubeba debe la maji lakini anapita kwenye uzio bila miiba kumgusa. Ndivyo mpwa wangu alivyozisoma, tena bila mimi kumfundisha. Nilipomuuliza mhusika wake ni nani, alisema ni msichana mdogo kama komba, yule wa msituni, hasikiki akitembea, na watu hawampendi sana (Haiba 7) kwa sababu anatokea tu pembeni yao bila kubisha hodi. Busara 13, kwa hiyo anaona mambo lakini anasubiri. Dakika tano nimepata mhusika ambaye katika miswada yote ile ya shindano sikumpata. Binamu yake, mwenye Akili 15 ya kurudiwa, alikuwa na shujaa mwenye upanga. Alikuwa shujaa mzuri. Siku ya tatu hatukumkumbuka jina.

Tulicheza jioni saba. Msichana-komba hakuua kiumbe hata kimoja. Aliwatoa wenzake ndani ya ngome kwa kukaa chini ya ngazi usiku mzima, akihesabu walinzi. Mara mbili alishindwa kabisa, kwa sababu ya ile Nguvu 6, akaachwa nyuma na ikabidi wamrudie. Nilimpa binamu yake nafasi ya kusema wamwache. Akasema hapana, yeye ndiye anayejua njia. Nadhani hilo lilikuwa na maana kuliko makala yangu yoyote, lakini sitalisukuma zaidi ya hapo, ni watoto walikuwa wanacheza.

Kwa hiyo, kwa wenzangu mnaoandika, na najua mko wengi humu mnaosoma kimyakimya: mhusika wako mkuu ajaye, mrushie dadu tatu, kwa mpangilio, mara sita. Usihamishe. Ukipata Akili 9 kwa binti wa mvuvi wa Kilwa Kivinje, kaa naye wiki nzima kabla hujamwandikia sentensi. Kishawishi cha kuchukua dadu ya nne kitakujia, na kitakuja kikiwa kimevaa nguo ya huruma. Ukiichukua, angalau jiulize unamfurahisha nani: yeye, au msomaji asiyetaka kukaa chumba kimoja naye.

Kuhusu mpwa wangu, mjue nami sikuwa msafi. Januari, mimi na dada yangu tulichanga tukanunua cherehani, na sasa yuko Mtama kwa fundi mmoja, anajifunza kukata na kushona. Hiyo nayo ni dadu ya nne, naijua nikiiona. Nimeitoa kwa mmoja kwa sababu ni wa dada yangu. Darasani kwao walikuwepo wengine ambao mjomba wao hana makala ya kuandika wala mshahara wa kuchangia, na sina maneno mazuri ya kulifunika hilo.

Juzi alinipigia, nilikuwa ofisini, nikatoka nje kupokea. Nikadhani kuna shida. Alitaka kujua kitu kimoja tu.

"Mjomba, yule wangu bado yuko kule ngomeni?"

Nikamwambia yuko, chini ya ngazi, tunamsubiri yeye.

"Asiongezewe kitu," akasema. "Nikija likizo naendelea naye hivyohivyo."